Njia ya Naibere: Kutoka Pangani hadi Endulen

Mwishoni mwa Machi 1883 msafara wa Mskochi Joseph Thomson uliingia Taveta, chini ya Kilimanjaro, na kambi ikageuka karakana. Wapagazi waliotoka pwani na mizigo ya ushanga, masango na majora ya pamba waliketi kutunga na kushona. Ushanga ulipaswa kupangwa kwenye nyuzi za urefu uliokubalika Umasaini, nyuzi zipatazo 60,000, na uzi uliopungua haukuwa na thamani. Nguo nayo haikwenda kama ilivyotoka kiwandani. Pamba ilikatwa vipande vya futi 6 hivi, kisha kila kipande kikashonewa katikati mstari wa kitambaa cha rangi, toka juu hadi chini. Hiyo ndiyo naibere, vazi ambalo morani alilifunga shingoni likapepea mgongoni akienda vitani.

Thomson hakubuni mstari ule, wala hakuubuni mwenye kiwanda. Waliomweleza kwamba bila naibere hapiti mtu walikuwa wazoefu wa njia. Kati ya wazoefu wa namna hiyo alikuwemo Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyekwishaingia Umasaini mara nyingi, na ambaye miaka minne baadaye alimpeleka Teleki, mwungwana wa Hungaria, hadi Ziwa Turkana. Mwingine ni Sadi bin Ahedi, ambaye maelezo yake ya njia za misafara yaliandikwa na mmishonari Wakefield na kuchapwa London mwaka 1870. Na hao nao walikuwa wamejifunza kutoka kwa morani, waliosimama njiani wakaishika nguo, wakaigeuza, wakaikubali au wakaitupa. Ninaandika makala hii kwa sababu ya morani hao. Mara nyingi nimesikia ikisemwa kwamba shuka la Kimasai si la Wamasai: kwamba ni kitambaa cha Mhindi, cha Mwingereza au cha Mchina ambacho wao walikinunua tu. Nimeifuata njia ya nguo kutoka baharini hadi Endulen, na naona kauli hiyo haina msingi.

Njia inaanzia Pangani, mji ulioketi kwenye mdomo wa mto wenye jina lake, mkabala na Bweni. Leo ni mji wa minazi na nyumba kuukuu za wafanyabiashara wa Kihindi, zenye milango mizito ambayo mingi haifunguki tena. Katika miaka ya 1870 na 1880 hapa palikuwa lango kuu la kuingilia Umasaini kwa upande wa kusini. Mwaka 1882 mmishonari Farler wa Magila alichapisha orodha ya vituo vya misafara kutoka Pangani hadi nchi ya Wamasai na kuendelea hadi Ziwa Viktoria. Aliipata kwa watu wa misafara wenyewe, na ukiisoma unaona wazi kwamba wapagazi waliijua nchi kituo kwa kituo, maji kwa maji, kabla Mzungu hajaichora kwenye karatasi.

Ukiacha bahari unaufuata mto. Unapita Korogwe, unafika Mazinde, ambako Semboja, mtu mwenye nguvu wa ukoo wa Kilindi, alikaa akidai hongo yake, ushuru wa kupita, kwa kila mzigo. Halafu unaikumbatia milima ya Upare mkono wako wa kulia mpaka Arusha Chini. Kutoka hapo misafara ilielekea Engaruka, Natron na Usonjo. Barabara ya lami ya leo inapita karibu na njia hiyo kwa sehemu kubwa, na abiria wa basi la Tanga kwenda Arusha huisinzilia yote bila kujua.

Lakini nguo hizo zilitoka mbali kuliko Pangani. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, ulioletwa na Edmund Roberts, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akaja Zanzibar kuwa konsuli. Meli za Salem zilichukua pembe, gundi ya sandarusi na ngozi. Zilileta pamba nzito isiyopaushwa, merikani, na bara ikaipenda kuliko nguo yoyote. Waingereza walijaribu kuiiga, na wanunuzi wakaikataa kwa kuishika tu. Mwaka 1847 kiwanda cha Naumkeag kilianza kazi Salem kwenyewe, na merikani yake ikapata soko Afrika ya Mashariki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikata pamba hiyo, bei zikapanda, na baadaye viwanda vya Bombay vikashika soko kwa kutengeneza merikani yao wenyewe.

Watu wa pwani waliijua hesabu ya biashara hii vizuri. Mikono minane ilifanya doti, doti ilikuwa shuka mbili, na jora lilihesabiwa kwa doti. Kulikuwa na kaniki nyeusi iliyotiwa nili, na bendera nyekundu, na namna nyingine kadha wa kadha, na kila nchi ya bara ilikuwa na lake inalolitaka mwaka huo. Shehena iliyokosea ladha ilirudi pwani au ilioza ghalani. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameonyesha katika kitabu chake cha 2008 jinsi uchaguzi wa wanunuzi wa Afrika ya Mashariki ulivyoamua kilichofumwa Massachusetts na Bombay. Mfanyabiashara wa Salem alisubiri barua kutoka Zanzibar, wa Zanzibar alisubiri habari kutoka Pangani, na wa Pangani alisubiri msafara urudi useme morani wamekubali nini. Amri ilitoka nyikani kwenda kiwandani, na ilichukua mwaka na zaidi kufika.

Endulen haikuwa kwenye njia kuu. Misafara mikubwa ilipita mashariki ya nyanda za juu za volkano, chini kwenye Bonde la Ufa. Nguo ndiyo iliyopanda, kwa mikono mingine. Morani aliyepokea hongo Engaruka alirudi nayo bomani. Wanawake, ambao hata wakati wa vita waliruhusiwa kupita kwenda kubadilishana maziwa na ngozi kwa nafaka za wakulima, nao walibeba. Hata hivyo, katika karne ya 19 nguo ya pamba ilikuwa pambo na ngozi ndiyo vazi. Ngozi ya ndama, ya mbuzi au ya kondoo ilikwanguliwa, ikalainishwa kwa mafuta, ikakatwa na kutariziwa ushanga na wanawake. Majirani walifanya yao: wanawake wa Kidatoga upande wa Ziwa Eyasi mpaka leo huvaa sketi za ngozi zilizochanwa nyuzinyuzi, na Wairaqw wa upande wa Karatu walikuwa na sketi za sherehe zilizojaa michoro ya ushanga, ambazo sasa unaziona zaidi kwenye makumbusho ya ng'ambo.

Machi 1892 Mwaustria Oscar Baumann, aliyetoka Tanga mwezi Januari, alipita kando ya Ziwa Manyara, akapanda na kuingia kreta ya Ngorongoro. Alikuta Wamasai waliomalizwa. Sotoka ilikuwa imeua ng'ombe, ndui ikafuata, kisha njaa. Wao wenyewe huyaita maangamizi yale Emutai. Baumann aliandika juu ya wanawake waliobaki mifupa, wapiganaji wasioweza kusimama, na watu waliokula mizoga ya punda, mifupa na hata ngozi. Hapo kwenye ngozi nilisimama kwa muda mrefu. Kwa Mmasai ngozi ni nguo, kitanda, mkoba na kamba. Mtu anayeila amekwisha kula nyumba yake. Nadhani tukitafuta wakati ambapo pamba ilianza kuingia ndani ya maisha na si juu yake tu, lazima tuanzie hapo, kwenye boma lisilo na ng'ombe wa kutoa ngozi nyingine.

Wajerumani walikuja na wakaondoka, na ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walifuga ndani ya kreta mpaka vita vya 1914. Waingereza walirithi. Maduka ya Wahindi, Waarabu na Wasomali yakasogea bara, na merikani nyeupe ikawa inapatikana bila msafara. Sasa angalia walichokifanya. Nguo nyeupe ya duka haikuvaliwa nyeupe. Ilipakwa udongo mwekundu uliosagwa na kuchanganywa na mafuta, ikafikichwa kwa viganja mpaka nyuzi zote zikanywa rangi. Morani aliupaka udongo huo huo kichwani na miguuni, na kwenye miguu akachora mistari kwa ncha za vidole. Nguo na ngozi ya mwili vikawa rangi moja. Huu ni uchapaji wa mkono, na karakana yake ilikuwa kivuli cha mgunga. Picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe zinatudanganya: zinaonyesha shuka la kijivu, na mtu akadhani wekundu ulikuja baadaye na viwanda. Wekundu ulitangulia. Viwanda vilipoanza kuleta kitambaa chekundu tayari, vilikuwa vinafuata mkono wa mtu aliyekwisha kuamua.

Ndiyo maana hadithi wanayosimuliwa watalii, kwamba Wamasai waliiga miraba kutoka kwa wamishonari wa Uskochi, mimi siipi uzito. Mstari wa rangi juu ya nguo ulikuwa kwenye naibere, na ulishonwa kwa agizo.

Kutoka Karatu unapita lango la Lodoare, unapanda msitu hadi ukingo wa kreta, unauzunguka, kisha unaiacha njia ya Serengeti na kukata kusini-magharibi, mlima Lemagrut ukiwa jirani yako. Endulen imeketi mbele, na baada yake Kakesio. Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959, na Wamasai waliokuwa ndani ya Serengeti wakakubali kuhamia upande huu kwa ahadi ya kuishi na mifugo yao humo. Karibu na hapa pia ndipo Laetoli, zilipoonekana nyayo za miaka milioni 3.6 zilizochapwa kwenye majivu ya volkano, ambazo kikosi cha Mary Leakey kilizifukua mwaka 1978 na 1979. Nyayo zimefunikwa tena kwa udongo ili zisiharibike, na ni sawa hivyo.

Mama mmoja mzee, koko, yaani bibi, wa watu wengi pale, alinitolea kutoka kwenye sanduku la bati vazi la ngozi alilolivaa akiwa binti. Limekauka na kukunjamana kwenye mikunjo, lakini mshono wa ushanga pindoni bado umeshika. Nilimwamkia, nikamwomba anieleze lilivyotengenezwa, naye hakuanzia kwenye ushanga. Alianzia kwenye kukwangua.

"Ngozi ukiiacha na nyama kidogo, mwanangu, inanuka mpaka siku utakayoitupa," alisema, huku akinionyesha kwa kucha upande wa ndani. "Siku hizi mnanunua, mnafunga, mnaondoka."

Nikamuuliza ni lini aliacha kuivaa. Akajibu kwamba iliachwa wakati wa Seuri, rika lililokuwa morani katika miaka ya 1960.

Jibu lake linaangukia palepale kumbukumbu zinapoangukia. Mwishoni mwa muongo ule serikali ya Tanzania, hasa mkoani Arusha, iliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai mavazi yao. Ngozi, lubega na udongo mwekundu vilihesabiwa kuwa aibu kwa taifa lililotaka kuonekana limeendelea, na mwenye kuvaa hivyo aliweza kukataliwa kupanda basi. Suruali ndiyo ilikuwa nguo ya raia. Mbunge wa Kenya John Keen, mwenyewe mwenye damu ya Kimasai, alilipinga jambo hilo hadharani. Wakati huohuo, mwaka 1968, kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na nchi ikaanza kujichapia kanga na vitenge vyake kwa wingi. Sina shaka na nia ya Urafiki, na kanga zake nimekua nazo. Lakini inauma kwamba taifa lililokuwa likijifunza kujivunia nguo yake lilimwambia Mmasai kwamba yake haistahili.

Kampeni haikushinda kama ilivyotaka. Ngozi ilitoka, na udongo ulipungua kwenye nguo. Suruali haikuingia. Kilichoingia ni shuka, pamba au nyuzi za viwandani, jekundu, la buluu, la zambarau, lenye miraba na mistari. Wamasai waliambiwa wachague kati ya ngozi na suruali, wakachagua kitu cha tatu. Tena walikivaa vilevile walivyovaa ngozi: kimefungwa begani, mkono mmoja huru kwa fimbo.

Ukiingia duka la nguo Endulen leo utayaona mashuka yamepangwa ukutani, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Kijana aliyekuwa mbele yangu alifunuliwa moja baada ya jingine. Hakuuliza bei kwanza. Alikiinua kitambaa kwenye mwanga wa mlango, akatazama upana wa mstari mweusi unaokata wekundu, akakirudisha. Cha pili mstari wake ulikuwa mwembamba zaidi, na ulikuwa na uzi mweupe pembeni. Akakitandika juu ya kile alichokivaa, akapima kwa macho namna vitakavyopishana begani, kwa sababu huvaliwa viwili, kimoja bega hili na kingine bega lile. Akachukua. Muuza duka aliniambia, pasipo mimi kumuuliza, kwamba chenye mstari mpana kilikuwa kinakwenda mwaka jana, sasa kimelala, na safari ijayo ya Arusha hatakileta. Nikaona Jumbe Kimameta hajafa.

Wanawake huchukua yao na kuendelea pale kiwanda kilipoishia. Pindo hutiwa ushanga, vishada, wakati mwingine vipande vidogo vya bati vinavyolia mtu akitembea. Na vijana waliotoka jandoni, unaowakuta njiani nyuso zao zimechorwa kwa chokaa nyeupe, huvaa nyeusi tupu. Nikiwaona naikumbuka kaniki ya wapagazi. Rangi hiyo imeishika kazi yake hata baada ya nili yake kusahauliwa.

Nimesoma kuhusu watu wengine wa asili walioshika swali hili la ubunifu kwa mkono wenye nguvu zaidi. Mwaka 1969, kwenye kisiwa cha Bathurst kaskazini mwa Australia, vijana wawili wa Kitiwi, Bede Tungutalum na Giovanni Tipungwuti, walianza kuchapa michoro ya kwao juu ya kitambaa kwa vibao vya mti vilivyochongwa, na baadaye kwa skrini. Karakana yao, Tiwi Designs, ipo hadi leo, na wanawake wa kisiwa hichohicho walianzisha yao ya kushona na kuchapa, Bima Wear. Baada yao kumekuwa na nyingine nyingi za Waaborijini, na katika kazi hizo mnunuzi huweza kujua jina la aliyechora na jamii anayotoka. Mwaka 1998 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kesi ya mchoraji John Bulun Bulun, wa watu wa Ganalbingu, ambaye mchoro wake ulichapwa kwenye vitambaa vya biashara bila ruhusa yake. Kampuni ilikiri kuvunja hakimiliki. Lakini jaji alikwenda mbele zaidi, akasema msanii huyo ana wajibu kwa ukoo wake juu ya mchoro ule, kwa kuwa elimu iliyomo ni mali ya ukoo.

Hapa kwetu mambo yamekwenda kwa njia nyingine. Juni 2011 nyumba ya mitindo ya Louis Vuitton ilionyesha jijini Paris mavazi ya kiume ya msimu wa kiangazi wa 2012, yaliyobuniwa na Kim Jones, na miraba ya shuka la Kimasai ilikuwa kila mahali: kwenye skafu, kwenye mashati. Dunia ya mitindo ilifurahi. Miaka hiyohiyo Wamasai wa Kenya na Tanzania walianza kujikusanya kudai haki za jina na alama zao, na baadaye kampuni moja ndogo ya Uingereza, Koy, ikakubali kulipa kwa kutumia miundo yao. Ni kampuni moja, lakini ni mwanzo, na nawaheshimu waliofika huko.

Tanzania ina chombo cha kuanzia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatambua na kulinda kazi za jadi za jamii, si za mtu mmoja mmoja tu. Ugumu uko kwenye ushahidi. Mdai ataulizwa: miraba hii ni ya nani, tangu lini, nani aliichagua? Shuka la Endulen lina kitambulisho kidogo kilichoshonwa pembeni chenye jina la kiwanda na aina ya uzi, basi. Kiwanda kimejiandika. Rika lililoukubali mstari mwembamba na kuukataa mpana halijaandikwa popote, kama ambavyo Thomson aliandika vipimo vya naibere lakini hakuandika jina la morani hata mmoja aliyevidai.

Kazi hii inaweza kufanywa, na wenye kuijua wapo. Koko yule aliweza kunitajia, bila kusita, rika baada ya rika na nguo lililoipenda, na alimsahihisha mwanawe mtu mzima aliyekosea kati ya Seuri na Makaa. Anayetaka kuiandika orodha hiyo atahitaji kuketi na wanawake wa umri wake, awe na mashuka yenyewe mikononi, na aende sehemu mbili. Tangu Juni 2022 baadhi ya watu wa Ngorongoro wamehamia Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, kwenye nchi ambayo misafara ya Pangani ilianzia kupanda. Sehemu ya kumbukumbu ya nguo hii sasa iko huko.